Paja la Kondoo Lililobaki Nyumbani

Tulipomzika mama, msemaji wa ukoo alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi, akasema marehemu alikuwa mwanamke mtulivu na mtii, ambaye tangu aolewe mpaka siku hiyo hakuna mwanamume aliyemsikia akipandisha sauti. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kitenge cha msiba mabegani, na mkono uliniwasha kumnyang'anya kipaza sauti. Sikumnyang'anya, maana katekista alikuwa anasubiri na mawingu ya Mkumbi, kijiji chetu cha milimani, yalishaanza kushuka. Lakini hasira ile sijaimeza hadi leo. Kutopandisha sauti, hilo kweli. Mtulivu, sawa, nakubali. Mtii? Huyo mtii walimzika kaburi jingine, si mama yangu. Sasa nimestaafu ualimu, muda ninao, na mkono wangu bado unashika kalamu, kwa hiyo nitaeleza habari za mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Atakayekasirika na akasirikie kwake.

Mwaka huo nilipangiwa kufundisha darasa la kwanza Lipingo, kule chini ziwani. Kwa msichana wa milimani kama mimi ilikuwa kama kupelekwa nchi nyingine, ingawa ziwa lenyewe tulikuwa tukiliona kwa mbali kila mbingu ilipokuwa safi. Nilipewa chumba katika nyumba ya watumishi pamoja na muuguzi wa zahanati, dada mmoja wa Pangani aitwaye Rehema. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule yenye meza moja iliyoyumba, na mlango wa nyuma usiofunga, hivyo upepo ukivuma kutoka ziwani mchanga uliingia mpaka kwenye uji. Jiko lilikuwa nje, kuta za matete, na humo ndimo tulimoishi hasa. Tulikula ugali wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya ziwani, kesho yake usipa na ugali wa muhogo, na mshahara ukitoka tulinunua samaki mmoja mnono aitwaye mbasa tukamla kwa heshima. Rehema alikuwa amenizidi umri kidogo na maneno mengi. Aliniita mwalimu mbele za watu, na tukiwa wawili aliniita mwenzangu. Jioni nilimsimulia habari za watoto wangu wa darasa la kwanza, nani ameanza kuunganisha silabi, nani bado anaishika kalamu kama mpini wa jembe. Siku mtoto wa kwanza aliposoma sentensi nzima ubaoni bila kusaidiwa, nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nilijua kabisa kwamba hii ndiyo kazi yangu, na kwamba sitaiacha kwa ajili ya mtu yeyote.

Jambo moja lilimshinda Rehema kuelewa kuhusu sisi watu wa Mbinga. Nilikuwa nimekua na kahawa mpaka kwenye kucha, lakini nilikuwa sijawahi kuinywa. Kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kupeleka kwenye chama cha ushirika, kisha tukirudi nyumbani tunakunywa chai. "Yaani mnalima kitu msichokijua ladha yake?" aliniuliza, na mimi nikamjibu kwamba wanaoijua ladha ndio wanaoinunua, shida iko wapi? Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipokwenda nyumbani mara ya kwanza aliniagiza kahawa kidogo, akaikaanga kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akaitwanga, akaichemsha nzito na tangawizi. Niliitema. Mwezi haujaisha nikawa namwibia.

Ilipofika Idi alinifundisha kupika paja la kondoo. Muuza samaki mmoja Mwislamu alimchinja kondoo, watu wakagawana, na Rehema akachukua paja la nyuma, zima, na mfupa wake. Mimi nilizoea nyama ya kukatwakatwa na kuchemshwa kwenye moto wa kuni unaonguruma, yaani nyama ya matanga na harusi. Yeye alilitoboatoboa kwa kisu, akapachika vitunguu saumu na tangawizi kila tundu, akalipaka chumvi na ndimu, akaliacha lipumzike. Kisha likaingia kwenye sufuria pana na maji kidogo sana, mfuniko juu, makaa machache chini na makaa mengine juu ya mfuniko, kama mtu anayepalia wali. Nikataka kuchochea. Akanipiga kwenye mkono kwa mwiko. "Moto mkubwa ni wa mtu mwenye wasiwasi," alisema. "Kaa chini. Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Tukakaa. Tulikaa asubuhi nzima tukipiga soga, yeye akigeuza nyama kila alipojisikia kuigeuza, na nyama ilipoanza kuuachia mfupa akachemsha kahawa nzito pamoja na asali ya porini na ndimu mpaka ikawa rojo, akaipaka juu ya paja kwa manyoya ya kuku, akarudisha makaa juu ya mfuniko. Akapaka tena. Akapaka tena. Alipofunua mara ya mwisho, paja lilikuwa linang'aa kama dawati jipya lililopakwa vanishi. Akaonja, akafumba macho, akasema tayari. Mwaka ule wote, chakula chochote tulichopika, aliyeonja na kusema tayari alikuwa yeye.

Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu mapaja ya kondoo ya watu wa mbali, yametolewa kwenye oveni, yanametameta, na ananiuliza kama naweza kupika kitu cha namna hiyo. Huwa namwambia aendelee kutazama simu yake. Kuna kitu hawaelezi kwenye hizo picha, nacho ni kwamba nyama inayopikwa polepole inakupa nafasi ya kujuta. Moto wa kuni haukupi nafasi hiyo. Ukiweka, imeiva, umekwisha. Lakini makaa machache yanakuacha umekaa pale, sufuria mbele yako, na kila saa unaweza kufunua na kusema nimeghairi. Nimefikiri juu ya hilo mara nyingi, kwa sababu siku niliyolipika paja langu mwenyewe nilikuwa na asubuhi nzima ya kughairi.

Likizo ya katikati ya mwaka nilipanda Mkumbi pamoja na Rehema, aliyekuwa na ruhusa na aliyetaka kuona hiyo kahawa yenyewe ikiwa mtini. Ilikuwa baridi ya kukata masikio, msimu wa kuchuma, kila mtu vidole vinanata. Nilikuta kondoo dume kijana amefungwa nyuma ya nyumba ya Baba mkubwa, na sikuhitaji kuelezwa. Baba mkubwa alikuwa kaka yake marehemu baba, na ndiye aliyeshika maneno yote ya ukoo. Katika ukoo wetu, upande wa mwanamume ukishatuma maneno ya posa huleta kondoo. Wazee wa msichana wakikubali, huchinja kondoo huyo Jumamosi na kumla mzima isipokuwa paja la nyuma la kulia. Hilo linafungwa kwenye majani ya mgomba likiwa bichi, na Jumapili baada ya Misa msichana mwenyewe hulibeba kichwani, akimfuata mshenga, mpaka nyumbani kwa mwanamume. Bichi, kwa sababu litapikwa kwa moto wa kwao. Likifika, yameisha, msichana amekubali, kilichobaki ni mahari na padre. Lisipofika, mazungumzo yamekufa na hakuna wa kuyafufua. Lakini hakuna aliyekumbuka paja lisilofika.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Bonifasi, karani wa chama cha ushirika pale Mbinga mjini. Simsemi vibaya. Alikuwa na viatu safi na alisalimia wakubwa vizuri. Lakini jioni ile ya Ijumaa nilikuwa jikoni nachambua maharage pamoja na mama na Rehema, na upande wa pili wa ukuta, barazani, Baba mkubwa alikuwa amekaa na mshenga, Mzee Gaspari, na wanaume wakizungumza wanasahau kwamba ukuta wa jikoni una masikio ya wanawake. "Kijana anataka mke anayekaa," Mzee Gaspari alisema. "Hataki wa kwenda ziwani na kurudi." Baba mkubwa akajibu bila hata kufikiri, "Ualimu ataacha. Mwalimu wa darasa la kwanza si kitu, wapo wengi." Wakahamia kwenye bei ya mbolea. Mimi maharage yalinidondoka mkononi. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaendelea kuchambua, jiwe huku, harage huku. Nilimchukia kidogo kwa kuinama kule.

Watu huniuliza, si ungesema tu kwamba hutaki? Nilisema. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Baba mkubwa, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo Baba mkubwa. Mimi sitaki kuolewa na yule kaka, na kazi yangu siachi." Akaitikia marahaba, akanitazama kwa upole wa kweli, ndiyo ulioniudhi zaidi, akasema, "Wasichana wote husema hivyo, mwanangu. Ingekuwa aibu kama usingesema." Kumbe hapana yangu ilikuwa sehemu ya sherehe. Nikairudia. Akacheka, akamwita kijana alete kisu cha kuchinjia. Kufikia mchana wa Jumamosi kondoo alikuwa amechinjwa, wanaume wamechukua maini na mbavu, jikoni tumepata kichwa na utumbo, na paja la kulia linaning'inia kwenye boriti la jiko la mama, limefungwa kwa kamba ya mgomba, likinisubiri.

Rehema hakula siku ile, maana mchinjaji hakuwa Mwislamu, na mama alimpikia mayai na kumwomba radhi kama mara kumi. Tulipolala alinisikia nageukageuka. "Mwenzangu," alisema gizani, "kule Lipingo una watoto darasa zima wanaokungoja wamalizie herufi. Ukilibeba hilo paja, nani atawafundisha?" Nikamwambia nikilitupa watachinja kondoo mwingine. Nikilificha watalitafuta. Akainuka kwenye kiwiko, akasema, "Kwa hiyo inatakiwa liwepo, lionekane, na lisibebeke." Wote wawili tulikuwa tumeshaelewa.

Jumapili kengele ilipolia, watu wote wa nyumba zetu walishuka kanisani, mama akiwa wa mwisho, rozari mkononi. Nilisema naumwa tumbo, na Rehema hakuwa na la kufanya Misani. Walipopinda tu pale kwenye mibuni nikapanda juu ya kigoda, nikalishusha paja. Tundu za kisu, saumu, tangawizi, chumvi, ndimu. Hakukuwa na muda wa kulipumzisha. Nilipolishika juu ya sufuria sikuliachia mara moja, na Rehema akaona. "Mpaka hapa unaweza kulisuuza ukalirudisha," alisema. "Mimi sitakulazimisha, na wala sitakuonjea. Hii nyama mimi siili. Moto nitakushikia, lakini mdomo ni wako." Nikaliweka. Maji yalipoanza kuchemka taratibu nilifunua, nikaona ile rangi nyekundu inafifia pembeni, inageuka kijivu, polepole, kama inanipa nafasi. Nilifunika. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaketi kwenye kigoda, na nitasema ukweli, baada ya hapo hofu iliondoka, ikabaki furaha moja mbaya sana ambayo sikuwahi kuijua. Nje jua lilipanda, ukungu ukaondoka mashambani, na jikoni harufu ya saumu ikaanza kutambaa. Tuliposikia wimbo wa komunyo kwa mbali, nyama ilikuwa inauachia mfupa. Nikachemsha asali na kahawa, kahawa ya shamba letu wenyewe, iliyokaangwa na Rehema Ijumaa, nikapaka mara ya kwanza.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia mama. Alikuwa ametoka Misani kabla ya baraka ili aje kuwasha moto wa chakula cha wageni. Alitazama boriti. Akatazama kamba ya mgomba chini. Akatazama sufuria. Rehema alisimama, nami nikasimama, na nilikuwa tayari kwa kelele, kwa kofi, kwa kilio. Mama aliweka rozari yake kwenye kijiti ukutani, akavua khanga ya kanisani, akaikunja. Kisha akaanza kusema kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani hakusema ila Kimatengo, akasema kwa Kiswahili ili Rehema naye asikie. "Mimi nililibeba la kwangu," alisema. "Lilikuwa halijakauka vizuri. Damu ilipenya majani, ikanichuruzika hapa," akashika kisogo, "mpaka ndani ya gauni. Nilipofika walicheka. Walisema, tazama, amekuja na rangi. Na hilo paja lenyewe sijui hata lilikuwa na ladha gani. Walikula wao." Akainama, akachota makaa kwa koleo, akayapanga juu ya mfuniko, moja moja, kwa makini. "Haya ya juu yalikuwa machache," alisema.

Sitaki mtu afikiri kwamba baada ya siku ile mambo yalikuwa mepesi. Baba mkubwa hakukanyaga kwetu msimu mzima, na mama alichuma kahawa yake peke yake, akaimenya peke yake, akaianika peke yake, huku watu wa ukoo wakipita njiani wakimsalimia kwa kifupi. Kanisani walimwachia benchi zima akae peke yake. Mimi nilirudi Lipingo na nikabaki darasani mpaka nywele zilipogeuka nyeupe, huko na kwingine nilikohamishiwa, na wapo mafundi, manesi na padre mmoja ambao herufi ya kwanza waliiona kwenye ubao wangu. Niliolewa baadaye na mtu niliyemtaka, na hakuna kondoo aliyehusika. Bonifasi naye alioa, akazeeka vizuri, tulikuwa tukikutana sokoni Mbinga tukisalimiana kama watu. Gharama yote aliilipa mama, na hakuwahi kunidai hata kwa neno. Na ndiyo maana nilipomsikia yule msemaji kaburini akimgawia mama utii kama mtu anayegawa pipi, damu ilinichemka.

Basi, Jumapili ile wanaume wakarudi kutoka Misani. Tuliwasikia wakijikung'uta viatu barazani, na Baba mkubwa akivuta pumzi ndefu. "Leo jikoni kuna watu," alisema kwa sauti ya kuridhika. Mzee Gaspari alikuwa amevaa koti lake la safari na ameshika fimbo, tayari kuongoza njia. Mimi nilifunua sufuria, nikachota kipande kidogo pembeni mwa mfupa, nikakiweka mdomoni. Rehema alinitazama. "Tayari," nikasema. Sauti ya Baba mkubwa ikaita kutoka nje, "Skola, njoo ubebe mzigo, mzee anachelewa." Nikashika masikio ya sufuria kwa vitambaa, lakini mama akanitoa mikono. "Hukulibeba bichi," aliniambia. "Lililoiva nitalibeba mimi. Wewe nifuate, usimame wima."

Akatoka nalo. Nilimfuata, nikasimama wima. Akaweka sufuria juu ya meza yao, katikati ya kofia na vitabu vya nyimbo, akaondoa mfuniko. Paja lilikuwa zima, jeusi na jekundu, linang'aa, na mvuke ukawapanda usoni. Baba mkubwa alitabasamu kwanza. Kisha tabasamu likasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni paja, shemeji," mama akajibu, bado kwa Kiswahili, kana kwamba yuko barazani kwa mtendaji.

"Paja lipi?"

"Lile."

Mzee Gaspari alitazama fimbo yake. "Nani amelipika?" Baba mkubwa aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Mimi," nikasema. "Nilikuambia jana, Baba mkubwa. Nilikuambia mara mbili."

"Na mimi nimeongeza makaa," akasema mama.

Baba mkubwa alisimama. Hakukuwa na neno la desturi kwa jambo hilo, maana hakuna aliyewahi kulifanya. Mama hakumngoja alitafute. Alivuta kiti, kiti cha wanaume, kile cha mgongo, akaketi. Akachukua kisu, akakata kipande kikubwa kutoka sehemu nene ya paja, akala mbele yao wote, taratibu, bila haraka yoyote, mafuta yakimmetameta kidoleni. Sikuwahi kumwona akila hivyo kabla ya siku ile. Alipomeza akakata kipande cha pili, akakiweka kwenye sahani, akakisukuma kuelekea kwa mshenga.

"Kaa ule, Mzee Gaspari," alisema, sauti ileile ya chini. "Ukishashiba utawasimulia vizuri."